Saa Zayeyuka, Mwamba Wabaki

Mwaka 1931 Salvador Dalí, mzaliwa wa Katalonia nchini Uhispania, alichora picha ndogo yenye upana wa sentimeta 33 hivi, iitwayo «Kudumu kwa Kumbukumbu». Ni nchi ya ndotoni. Saa tatu zimelegea kama nta juani. Moja yaning'inia kwenye tawi la mti mkavu. Saa ya nne ingali ngumu, lakini imevamiwa na sisimizi.

Wengi huishia kutazama saa hizo. Mimi huvutwa na kilicho nyuma yake: bahari tulivu, na miamba inayong'aa. Miamba hiyo si ya ndoto. Ni ya pwani ya kwao Dalí, huko Cap de Creus. Katika nchi ambamo wakati wenyewe umeyeyuka, miamba ya nyumbani imebaki imara.

Hapa mashariki mwa Kongo, kijana aliyekimbia vita aijua saa iliyoyeyuka. Masomo yamekatika, arusi imeahirishwa, leo yafanana na jana. Tusiharakishe kumwambia kwamba yote yatapita. Tumsaidie kwanza kukumbuka: jina alilobatizwa, sala aliyofundishwa na mamaye, njia za kijiji chake. Zaburi humwita Mungu mwamba. Na mwamba haukuahidiwa watu wasiokuwa na taabu.

Basi, katika kikundi chenu, kila mmoja ajiulize: siku zangu zikiyeyuka, nitashika nini? Na mwenzangu aliyepoteza hesabu ya siku, je, aweza kuniegemea?