Mwarobaini wa Makole

Mwarobaini uliokuwa mbele ya nyumba yetu, hapa Makole mjini Dodoma, umekatwa Jumanne. Walikuja vijana wawili na msumeno wa mashine, na kufika saa nne asubuhi ulikuwa chini. Jirani anajenga fremu za maduka, na matawi yalikuwa yanaziba. Nilikuwa bado nimesimama pale na kipande cha gome mkononi, mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, aliponifuata. "Shangazi, usiumie hivyo," akasema. "Si utaota mwingine?" Nikamuuliza huu uliotaje. Akanijibu kwamba miti ya Dodoma iliota yenyewe tu, kama ya porini.

Jibu hilo limeninyima usingizi kuliko msumeno.

Mwarobaini si mti wa Ugogo. Asili yake ni Bara Hindi, na huu wetu uliingia uani kwetu ukiwa ndani ya kiriba, umebebwa na mzee wa kitalu kwa toroli. Mimi nilikuwa nadhani ilikuwa 1982. Kaka yangu anasema 1983, kwa kuwa mwaka huo ndio aliingia darasa la kwanza. Nimetazama cheti chake cha ubatizo, nikahesabu, hesabu ikamkubali yeye. Basi na iwe 1983.

Mzee huyo wa kitalu sisi watoto tulimwita Babu tu. Alikuwa mwajiriwa wa serikali, na kazi yake ilikuwa miche. Kitalu chake kilikuwa kimezungushiwa mabua, na ukikaribia ulikinusa kabla hujakiona: samadi iliyolowa, magunia mabichi, na ule uchungu wa majani ya mwarobaini unaokaa kooni. Mpaka leo nikipita penye gunia lililonyeshewa, namwona ameinama na kopo lake la maji lililotobolewa matundu kwa msumari.

Tulipenda kwenda kwake baada ya shule. Ukifika ulimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, Babu," ndipo ukaribishwe. Alichekecha udongo wa juu, akauchanganya na samadi na mchanga, nasi tukajaza viriba. Kila baada ya muda aliinua viriba vyote na kuvihamisha, ili mizizi iliyotoboa chini isijishike ardhini. Miche ikikaribia kutoka aliipunguzia maji na kuiondolea kivuli kidogo kidogo. Alisema mche uliodekezwa kitaluni hufa siku ya kwanza ya jua la Dodoma.

Lakini kilichomtofautisha na wote niliowaona baadaye ni kwamba hakumpa mtu mche kabla ya kumhoji. "Maji mnachota wapi?" Mama alimjibu kwamba tunachota bombani, foleni ni ndefu, ila maji ya kuoshea vyombo yapo. Akaja kwanza kutazama shimo, ambalo alitaka lichimbwe mapema, udongo wa juu ukiwekwa upande wake. Mvua zilipokuwa zimeshika, akaleta mche, akachana kiriba kwa wembe, akaupanda, akatengeneza kisahani cha udongo kuuzunguka ili maji yasikimbie. Kisha akatuagiza matawi ya miiba. Mbuzi wa Makole wa wakati ule walikuwa hawasazi kitu.

Na alirudi. Alirudi baada ya wiki mbili, akarudi mvua zilipokatika, akarudi mwezi wa nane wakati vumbi linapoingia mpaka kwenye sufuria. Alikuwa na daftari la shule lenye majina ya wenye nyumba, na mbele ya kila jina aliandika neno moja kati ya mawili: hai, au umekufa. Mche ukifa alitaka kujua sababu, bila kugomba. Mama alimwogopa mzee yule kuliko alivyomwogopa balozi wa nyumba kumi, na ndoo ya jioni haikukosekana hata siku moja.

Aliwahi kutusimulia habari za Kondoa, ambako mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulikuwa umeanza tangu 1973 kuponya makorongo. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika, na majani yakarudi. Babu alisisitiza hapo: kupanda kulisaidia, lakini kilichoiponya ardhi ile ni kulindwa kwato zisiikanyage, mwaka baada ya mwaka. Ndivyo alivyofanya kazi hata mjini: fedha ya umma, kwake yeye, ilikuwa mshahara wake, toroli, kopo, na miguu ya kurudi kutazama.

Alistaafu, kitalu kikawa kiwanja, kiwanja kikawa nyumba. Baadaye tukasikia amefariki kijijini kwake. Daftari sijui lilikwenda wapi.

Yaliyofuata yamekwenda mbio. Sheria ya Misitu ya 2002 iliweka Mfuko wa Misitu, unaotoa ruzuku kwa vikundi, shule na watu binafsi, na hilo ni jambo jema ambalo Babu angelifurahia. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Dodoma ya Kijani. Halmashauri nazo ziliagizwa kila moja ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Nalitazama agizo hilo na neno linalonikera ni lile lile: ipande. Sijasikia halmashauri ikiulizwa hadharani mingapi ya mwaka juzi iko hai.

Halafu kuna tarehe. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili. Kwa pwani inafaa, masika ndiyo yanaingia. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba, nazo kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Aprili zinaaga. Mche unaopandwa siku hiyo Dodoma unakabidhiwa kwa kiangazi ukiwa haujashika ardhi.

Kikundi chetu cha akina mama kiliyapata hayo. Mfadhili mmoja alitupa ruzuku ya miche 400, fulana na bango. Tulipanda Aprili, tukapigwa picha. Juni tulikuwa tunanunua maji ya madumu kwa mchango wetu wenyewe, kwa sababu bajeti haikuwa na shilingi ya maji wala ya mtu wa kumwagilia. Fomu ya taarifa iliuliza tumepanda mingapi. Tukaandika 400, na ilikuwa kweli. Oktoba nilipita mwenyewe kuhesabu iliyo hai: 31. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika 31.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu njia nyingine inajulikana. Kenya, katika Green Belt Movement aliyoianzisha Wangari Maathai mwaka 1977, wanawake walilipwa kijisenti kwa kila mche uliopona. Uliokufa haukulipwa. Babu asingehitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandika bajeti za miti za msimu ujao, wa serikali na wafadhili. Andikeni fungu la maji kabla ya fungu la miche. Mwajirini mtu wa kurudi kutazama, mumpe daftari, na awamu ya pili ya fedha ifuate hesabu ya iliyo hai mwezi wa kumi. Na Dodoma tupande Desemba.

Kisiki bado kipo. Mtoto wa kaka yangu amechimba shimo hatua chache kutoka hapo, upande wetu wa mpaka, na udongo wa juu ameuweka pembeni. Tunangoja mvua.