Nyumba ya Dada Yangu Sinza

Sisi wa vijijini tumezoea kusema kwamba mjini hakuna ujirani. Twasema kila mtu ana mlango wake na kufuli lake, na jirani akifa utapata habari amekwisha kuzikwa. Mimi nami nilisema hivyo miaka mingi, mpaka mwaka jana nilipokwenda kukaa wiki tatu kwa dada yangu, Sinza, Dar es Salaam. Sikwenda kutembea tu. Niliitwa kwa shauri la nyumba.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Dada yangu ni mjane. Tajiri mmoja alitaka kuinunua nyumba yake, aibomoe, ajenge nyumba ya wageni ya ghorofa. Wapwa zangu wawili walitaka iuzwe, hasa yule mdogo, maana alikuwa amepoteza kazi na ana watoto wa kusomesha. Mama yao hakutaka. Basi wakasema, “Aitwe mjomba.” Nami, nisiwafiche, nilipopanda basi pale Songea nilikuwa nimekwisha kukata shauri moyoni: iuzwe. Dada arudi kwetu Peramiho, tumjengee kijumba karibu na changu, tuzeeke pamoja.

Safari ni ya kutwa nzima. Twapita Njombe, Iringa na mbuga ya Mikumi, na usiku twafika stendi kuu ya Mbezi. Mpwa wangu mkubwa alinipokea. Asubuhi yake nilitaka kuliona lile basi la mwendokasi linalosifiwa, lenye barabara yake peke yake katikati ya barabara kuu ya Morogoro. Lilianza kazi mwaka 2016. Tulilipanda, tukashuka kituo cha Shekilango. Toka hapo ukiingia ndani kidogo, uko Sinza.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba nyumba zimesimama kwa mistari, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Kumbe mahali hapa palipimwa kwanza, ndipo watu wakajenga. Mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa viwanja kwa watu wa kipato kidogo. Ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuleta maji. Nyumba yenyewe mwananchi alitakiwa aijenge mwenyewe, kwa nguvu zake na mkopo mdogo. Wakati huohuo Manzese, ambayo ni jirani, haikubomolewa. Watu waliachiwa nyumba zao, wakatengenezewa njia na maji.

Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo. Alipata kiwanja mwaka 1976. Nilikipima kwa hatua zangu: kumi na mbili kwa ishirini na nne. Kwetu huko hiyo ni bustani ya mboga. Juu yake walijenga chumba kimoja, wakahamia hakijapigwa lipu. Kila mwaka waliongeza kidogo, mwaka huu dirisha, mwaka ujao sakafu. Dada aliuza maandazi, na fedha ya maandazi ikawa saruji. Watoto wote watatu wamezaliwa katika nyumba hiyo, na mumewe alifia humo.

Lakini si wote waliopewa viwanja waliodumu navyo. Wengi walikuwa maskini kweli, na kujenga kuliwashinda. Walipoona bei ya ardhi inapanda waliuza kwa wenye uwezo, wakahamia mbali zaidi, pasipopimwa. Kwa hiyo leo Sinza si mtaa wa maskini. Utaona nyumba ya zamani ya bati, na ubavuni mwake ghorofa yenye ukuta na geti la chuma.

Majina ya huko yatawachekesha. Kuna Sinza Kijiweni, Sinza Mori, Sinza Makaburini, Sinza Palestina, hata Sinza Vatikani! Kuna pia Sinza kwa Remmy. Huyo ni Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyekuja kuishi Tanzania mwaka 1978, akafariki mwaka 2010. Yeye hayupo, lakini makondakta bado waliita jina lake kutwa nzima, na abiria washuka kwake.

Sasa niwaeleze siku ya huko ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri waisikia adhana, kisha fagio. Dada hufagia uwanja na kipande cha njia mbele ya geti, na mwenzake wa upande wa pili hufagia chake, wakisalimiana bila kuinua migongo. Mara magari ya shule ya rangi ya njano yaja kuchukua watoto wadogo, wengine bado wasinzia. Mama mmoja apita na ndoo ya vitumbua. Duka la kona mwenyewe huitwa Mangi, hata asipokuwa Mchaga. Ukikosa fedha ya chumvi, Mangi huandika daftarini, maana anakujua.

Mchana ni kimya. Wazazi wako kazini, na wazee wamebaki na wasichana wa kazi. Watoto warudipo ndipo nilipomwona dada yangu kwa macho mapya. Geti lake halifungwi mchana. Watoto wa mstari mzima hupita kwake, Wakristo kwa Waislamu, Wahaya kwa Wazaramo, wote wakimwita “Bibi Maandazi”. Mmoja hunywa maji, mwingine huacha mkoba, wa tatu huketi barazani mpaka mama yake arudi kazini. Hakuna anayemlipa. Lakini usiku mmoja dada alipopatwa na homa kali, wapwa zangu walikuwa hawajapata habari, naye amekwisha kupelekwa hospitali na jirani mwenye gari. Jirani huyo alilelewa barazani hapo, akinywa maji hayohayo.

Sisemi kila kitu ni chema. Huko kila kitu ni fedha: limau fedha, mkaa fedha, hata maji ya kunywa. Mtoto akitaka kucheza mpira atafute mahali, maana viwanja vya wazi ni vichache. Na Jumamosi usiku sikulala. Katika mstari wa dada nyumba kumi zilikuwa za familia. Nne zimekwisha kuuzwa, na mbili kati ya hizo ni baa. Muziki wapigwa mpaka usiku wa manane, walevi wajisaidia kwenye kuta za watu, na asubuhi watoto waokota vizibo vya chupa wakienda kanisani. Nilimwuliza dada, “Waliouza hawakufikiri majirani?” Akajibu, “Kaka, kila mmoja alisema nyumba yake ni moja tu, haitabadili mtaa.”

Wiki ya pili ukatokea msiba nyumba ya tatu. Mzee mmoja Mwislamu alifariki alfajiri. Nilidhani nitaona ule mji wa kufuli. Kabla ya saa mbili turubai limesimama, viti vimekuja, na wanawake wameshika masufuria. Mjumbe aliandika michango daftarini. Wanajumuiya wa dada, wale wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, walileta mchele na kuni. Mimi mgeni nilipewa shoka nikapasua. Wale wa maghorofa walikuja pia, wengine kwa mara ya kwanza, na mtu aliyewaonyesha mahali pa kukaa na jina la kila mmoja alikuwa dada yangu. Ndipo nilipotambua kwamba mtaa ule umeshikwa na wazee wanne au watano waliokaa. Mpima ardhi alileta mistari, lakini hao ndio walioleta ujirani.

Siku ya kikao tuliketi sebuleni. Mpwa mdogo alieleza shida yake kwa heshima, na shida ilikuwa ya kweli. Dada akasema, “Kaka, ukiniambia nirudi nyumbani nitarudi, wewe ndiwe baba yangu sasa. Lakini wale niliowazika na wao wakanisaidia kuzika, wako hapa. Watu wa kunizika mimi wako hapa.”

Nilikaa kimya kitambo. Kijumba nilichokijenga moyoni kikaanguka, na niliumia. Kisha nikasema, “Nyumba isiuzwe maadamu mama yenu yu hai. Lakini kijana naye asiachwe.” Tukakubaliana ukuta wa mbele uvunjwe, ijengwe fremu moja ya duka, kijana aanze biashara hapo. Mimi niliahidi gunia la mahindi kila mavuno, na mkubwa atoe saruji. Yule mkubwa hakufurahi. Aliondoka bila kunywa chai, na mpaka leo hunisalimu kwa kifupi. Tajiri alinunua kwingine, nyumba ya mbele ya hapo.

Ndugu zangu, nimeandika haya kwa sababu nasi vijijini twauza. Mmoja auza kipande cha shamba la ukoo, mwingine auza uwanja alioachiwa na baba, na kila mmoja asema changu ni kimoja tu. Mwenye shida asidharauliwe, maana shida ni shida. Lakini kabla ya kutia sahihi, tuulizane kwanza kama hakuna fremu ya kujenga mbele.

Nami wakati wa kuondoka dada alinisindikiza mpaka kituoni. Njiani tulisimamishwa mara kumi na moja, nilihesabu, kila mtu akitaka kujua huyu mgeni ni nani na mbona aondoka mapema. Nilikaribia kulikosa basi.