Siku Moja Kisiwani Nkombo

Anayesikia maneno "likizo ya kisiwani" hufikiria mara moja Unguja au Lamu: mchanga mweupe, minazi na maji ya chumvi. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Rwanda, nchi isiyopakana na bahari, tunavyo visiwa vyetu pia, ila ni vya maji baridi. Mwishoni mwa muhula mmoja tulikutana walimu wanne huko Nyakarenzo, nyumbani kwa mmoja wetu, tukaazimia kupumzika siku nzima katika kisiwa cha Nkombo. Asubuhi tuliteremka kati ya migomba hadi Kamembe, na kutoka hapo hadi ufukweni mwa Ziwa Kivu. Ziwa hilo liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo upepo wake wa asubuhi hutaka sweta. Halina mamba wala viboko, jambo lililomtuliza sana mwenzetu asiyejua kuogelea.

Mtumbwi ulikuwa wa kijana mmoja aliyekulia kati ya Kamembe na Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani. "Bamwalimu," alituita, "muingie mu mtumbwi, tuende ku Nkombo." Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa sote tulitabasamu, alimrekebisha papo hapo kwa sauti ya darasani: "Hatusemi *mu mtumbwi*, kijana. Tunasema *mtumbwini*." Kijana akajibu, "Ndiyo, mwalimu," akashika kasia. Tangu hapo hakutuambia neno hadi tulipofika.

Kwa kanuni, mwenzetu hakukosea. Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa tangu 1930 na kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, huunda nomino za mahali kwa kiambishi tamati *-ni*. Ruanda-Urundi na Kongo, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, hazikuwamo katika kamati hiyo. Lakini kijana naye hakuwa akibahatisha. Kinyarwanda husema *mu bwato* na *ku kirwa*. Yaani hutanguliza mbele ya nomino alama zilezile za mahali ambazo Kiswahili Sanifu kimezihifadhi katika *kule* na *mle*. Hayo yote tulikuwa tukiyajua, na tumeyafundisha miaka mingi. Hakuna aliyeyakumbuka pale ufukweni.

Nkombo ilitupokea vyema. Tulinunua sambaza wa kukaanga, ndizi na maparachichi, tukatandika mkeka chini ya mikaratusi. Sambaza, kwa taarifa ya msomaji, si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa ni vigumu kuwaza mlo wa Rusizi bila wao. Wawili waliogelea. Asiyejua kuogelea alilowesha miguu hadi magotini na kujitangaza ameoga. Kisha tukalala. Watoto wa kisiwa walikuja kututazama, wakisemezana kwa lugha ambayo Rusizi huitwa Amashi, jamaa ya lugha za ng'ambo ya Kongo, nasi hatukuambulia kitu. Kijana wetu aliwajibu kwa lugha hiyo. Akamgeukia mama muuza ndizi kwa Kinyarwanda. Simu ilipolia akazungumza na mtu wa Bukavu kwa Kiswahili kilekile tulichokisahihisha. Tulimsikia akicheka. Kwetu sisi alikuwa bubu.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mwalimu hasafiri bila mzigo wa kazi, na mmoja wetu alikuwa amebeba karatasi 38 za mtihani wa sarufi. Zilikuwa zimekwisha kusahihishwa, ila alama hazijaingizwa katika daftari. Kwa vile sakafu ya mtumbwi ilikuwa na maji, tuliutundika mfuko kwenye ncha ya nyuma, upande wa nje, usije ukalowa. Kisha tukausahau.

Mchana kijana alitaka kuuinamisha mtumbwi amwage maji. Akasimama upande wa mbele, uliokuwa nchi kavu, akauliza kwa mbali: "Bamwalimu, kuna kitu yenu imebaki?"

"Mfuko," tukajibu tukiwa tumelala. "Uko mtumbwini."

"Mu mtumbwi, ao ku mtumbwi?"

Tukacheka. "Mtumbwini!"

Kijana alichungulia ndani, akaona maji na kasia tu. Bila shaka alidhani tumekwisha kuuchukua. Akauinamisha mtumbwi, na mfuko ukazama pamoja na ncha yake.

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu letu. Naam, Kiswahili Sanifu hakikukosa la kumjibu: tungesema mfuko *umo*, angejua ni ndani, tungesema *haumo, upo nyuma pale*, angejua pa kutazama. Tulisema *uko*, neno tunalolibandika kila mahali kwa uvivu. Na katika mtihani uleule uliokuwa ukilowa, swali la nne, tulilolitunga wenyewe, lilihusu tofauti ya *-po*, *-ko* na *-mo*.

Kijana ndiye aliyeruka majini kuuokoa. Alasiri yetu ya mapumziko ilipita tukianika karatasi juu ya mawe, na watoto wakaweka kijiwe juu ya kila moja ili upepo usizipeperushe. Hapo ndipo tulipoona jambo la ajabu. Wanafunzi walikuwa wameandika kwa kalamu za wino mzito, na maandishi yao yalisomeka yote. Sisi tulisahihisha kwa wino mwepesi mwekundu. Alama zetu, mistari yetu na mikato yetu ilikuwa imegeuka ukungu wa waridi.

Aliyemrekebisha asubuhi alimwendea kijana, akamwomba radhi, kwanza kwa ajili ya mfuko, kisha kwa ajili ya lile jingine. "Hakuna neno, mwalimu," alisema kijana, akaendelea kugeuza karatasi. Baada ya muda akaongeza, "Mimi niliuliza."

Tulirudi jioni, wavuvi wa sambaza wakitoka na taa zao, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba. Safari hii kijana alizungumza njia nzima, nasi tuliuliza zaidi kuliko tulivyosema.

Usiku ule ule, Nyakarenzo, tulianza kusahihisha upya, maana matokeo yalitakiwa Jumatatu. Karatasi ya tatu ilikuwa na sentensi hii: *Mwalimu yumo mu darasa*. Wawili walisema ni kosa, na mtihani ni wa Kiswahili Sanifu. Tangu 2017 lugha hii ni lugha rasmi ya nchi yetu, na mwanafunzi atapimwa kwa kipimo hicho popote aendako. Wawili walisema *yumo* imekaa mahali pake kabisa, na kwamba aliyeandika hivyo anaelewa dhana ya mahali kuliko aliyekariri *-ni* na kuandika *yuko darasani* kila mara. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tulikubaliana kutoa nusu alama, na kumwita mwanafunzi tumweleze kwa mdomo sababu yake. Mwenyeji alileta kalamu nyekundu nyingine. Tukamwomba kalamu ya risasi.