Mshale Uliotulia



Marehemu baba yetu alituachia lori aina ya Bedford la mwaka 1964, alilokuwa akibebea nazi na makuti kutoka Kilifi hadi Mombasa. Lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mwaka jana, ndugu walipokwisha kuridhiana katika mirathi, tulianza kulifufua pamoja na kijana wetu wa mwisho, kila Alhamisi chuo kinapofungwa.

Geji zote za dashibodi zilikuwa zimekufa, tukaamua kufunga za umeme. Hapo tukajifunza jambo ambalo hatukulijua umri wetu wote: geji yenyewe haijui chochote. Kinachojua ni kile kidude ambacho mafundi hukiita senda, kilichofichika ndani ya tangi au katika maji ya moto ya injini. Huachia umeme upite kwa wingi au kwa uchache kwenda kwenye chuma cha gari, na mshale hufuata kiasi hicho. Tena geji na senda sharti ziwe jozi. Senda ya mafuta ya mtindo mmoja wa Kimarekani huwa na ukinzani wa omu 240 tangi likiwa tupu, na 33 likijaa. Ya mtindo wa Ulaya huanzia 10 na kupanda hadi 180. Ukifunga senda hii ya Ulaya kwa geji ile ya Marekani, tangi tupu litasomeka limejaa pomoni.

Senda ya joto tuliifunga kwa mikono yetu wenyewe. Kwa kuogopa maji yasivuje, tuliizungushia tepi nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mingi. Tukawasha. Injini ilinguruma nusu saa, mshale umetulia kwenye baridi. Tukamshukuru Mola kwamba chuma cha kale hakichemki.

"Baba," kijana akasema, "mbona rejeta haishikiki?"

Tukazima kwa haraka. Injini ilipopoa, kijana aliwasha ufunguo, akachomoa waya wa senda na kuugusisha kwenye chuma kitupu. Mshale ukaruka hadi mwisho wa joto. Geji ilikuwa nzima, na waya mzima. Tepi yetu ndiyo iliyoziba njia ya umeme. Na senda ya joto ikikatiwa njia, geji husoma baridi.

Usiku tulipomsimulia mama watoto, hakucheka. Aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Na binti yako je, Sheikh? Tangu Mfungo Mosi, kila ukimpigia simu ni neno lile lile: alhamdulillahi, baba, hatujambo. Nimekwambia mara mbili. Ukanijibu kuwa ametulia."

Hatukuwa na jawabu. Tulikumbuka siku ya nikahi yake, tulipomwambia mbele ya shangazi zake kwamba siri ya nyumba haivuji, na kwamba binti yetu harudi kwetu na malalamiko. Watu waliitikia amina.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, tulipanda matatu na mama yake hadi Malindi. Hatukumwuliza hali. Tulikaa naye uani, tukamwambia kuwa neno lile la siku ya nikahi tumelifuta. Alilia hadi magharibi ikaadhiniwa. Aliyotueleza si ya kuandikwa hapa. Wasuluhishi wa pande mbili wamekwisha kukutana, kama Suratun Nisaa inavyoelekeza, na jambo bado liko mikononi mwao.

Senda tumeifungua, tukaitoa tepi, tukaifunga tena chuma kwa chuma. Huvuja tone moja moja, nasi tunalifuta kwa kitambaa. Mshale sasa hupanda.

Mwenyezi Mungu awafariji mabinti zetu, na atujaalie sisi wazazi kusikia. Amin.