Desemba Waliposhuka Kutoka Kirimaara

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 9, inataja siku tatu za taifa. Juni 1 ni Madaraka, kwa sababu siku hiyo mwaka 1963 Jomo Kenyatta alishika uwaziri mkuu. Oktoba 20 ni Mashujaa, ambayo kwa miaka mingi tuliiita Kenyatta Day, kwa sababu ya usiku ule wa 1952 Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari na viongozi wakakamatwa. Desemba 12 imebeba mambo mawili: uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Tatu hizo kila mtoto wa shule anazijua. Mimi ninayo ya nne, ya mwishoni mwa Januari 1965, na ninaamini inastahili kukumbukwa hapa Meru kama zile nyingine. Ila huwezi kuieleza Januari hiyo bila kuanza na Desemba iliyoitangulia kwa mwaka mmoja na ushee.

Siku yangu ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Nyumbani kwetu mtoto alihesabiwa kwa jambo lililotukia. Kuna waliozaliwa njaa fulani, kuna waliozaliwa nzige walipopita. Mama alisema mimi nilikuwa naota meno wakati akina mama walipoanza kutolewa kwa zamu kwenda kuchimba handaki ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ambao sisi tunauita Kirimaara. Handaki lile lilikuwa na kina cha kumzidi mtu mzima kimo, na chini yake waliagizwa kuchomeka vijiti vilivyochongwa, ili watu wa msituni, wapiganaji wa Maumau, wasiweze kushuka kutafuta chakula na wa vijijini wasiweze kukipeleka. Wachimbaji walikuwa dada, wake na mama za hao hao waliokuwa msituni. Mama alinibeba mgongoni akichimba. Jambo hilo alilisimulia mara chache sana, na kila mara alikuwa anafanya kazi nyingine ya mikono, anapukuchua mahindi au anachambua maharagwe, bila kumtazama mtu.

Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kutoka maboma yao wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio, vikilindwa na homgadi, wenyeji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni. Hicho ndicho kijiji nilichokulia, kwenye miteremko ya Imenti. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, lakini nyumba zilibaki zimebanana vilevile kwa miaka kadhaa, kwa kuwa watu hawakuwa wamejua ni wapi hasa pa kurudi.

Mama alitoka Embu, upande wa Runyenjes. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa ameingia msituni. Huko Embu jina lililotajwa kwa sauti ya chini lilikuwa la Jenerali Kubu Kubu. Huku kwetu Meru yalikuwa mawili: Musa Mwariama na Baimungi Marete. Kimathi, kiongozi wa Maumau, alinyongwa Februari 18, 1957, na wazungu wakadhani mambo yamekwisha. Mwariama na Baimungi hawakukamatwa, na msitu wa upande wetu haukuisha watu hadi bendera iliposhushwa. Jambo hili Wakenya wengi hawalijui hata leo.

Mwaka 1963 wenyewe ulikuja na hofu yake. Juni 28 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, alipigwa risasi akauawa, pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Isiolo ni jirani yetu. Wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka miraa na ndizi huko walisita, na kwa kuwa kaskazini wapo waliotaka kujitenga, wazee wakawa wanaulizana uhuru huu utafika ukiwa na nchi nzima au kipande. 

Usiku wa kuamkia Desemba 12 ulitukuta uwanjani pa shule. Mwalimu mmoja alikuwa na redio ya betri, akaiweka juu ya meza nje, na kijiji kizima kikaizunguka. Wengi hawakuisikia vizuri, ila waliokuwa karibu walitupitishia maneno: sasa Mfalme Philip ameketi (mume wa Malkia wa Uingereza sisi tulimwita mfalme tu), sasa taa zimezimwa, sasa bendera ya Mwingereza inashuka, sasa yetu inapanda. Nyuma yetu mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Hatukujua kwamba saa zile zile kijana wa Ukambani, Kisoi Munyao, alikuwa juu kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, akisimika bendera ile ile kwenye baridi kali. Nilikuja kulijua baadaye, na limenifurahisha maisha yangu yote. Sherehe ya Nairobi ilikuwa na wageni wa heshima na bendi, ya Lenana ilikuwa na watu wachache na upepo, na sisi tulikuwa katikati, kwenye nyasi, tukiimba kwa sauti zilizokauka.

Lakini uhuru kwetu haukuwa usiku ule. Ulikuwa siku zilizofuata, waliposhuka.

Serikali mpya ilitangaza msamaha na kuwapa watu wa msituni muda hadi katikati ya Januari 1964 watoke na silaha zao. Kwetu walianza kuonekana mapema. Tuliwaona asubuhi wakija kwa mstari kwenye njia itokayo msituni, nywele ndefu zilizosokotana, makoti ya ngozi za wanyama yaliyoshonwa kwa mkono, wengine na bunduki za kiwandani, wengine na za kutengenezwa kwa mbao, bomba la maji na kitasa. Wanawake walipiga vigelegele hadi wakaanza kulia. Watoto tuliambiwa tusikimbie, nasi hatukukimbia, ila tuliogopa. Kuna mzee aliyetoka na kibuyu cha pombe ya miwa akawa anawamwagia miguuni mmoja baada ya mwingine, akiwabariki, midomo yake ikitetemeka.

Barazani pa duka alisimama mwanamume aliyekuwa kiongozi wa homgadi kijijini petu. Simtaji jina, ana wajukuu. Hakuna aliyemgusa. Mmoja wa wale wa msituni alimtazama kwa muda, kisha akaendelea na safari. Watu husema Kenya ilisameheana mwaka ule kwa sababu Kenyatta aliomba tusahau yaliyopita. Mimi niliyekuwepo nasema walioanza kusamehe ni wale waliokuwa na bunduki mikononi na sababu kifuani, na wakapita bila kuzitumia.

Mwariama alikwenda kukutana na Kenyatta Desemba hiyo hiyo. Ipo picha yao maarufu, wamesimama pamoja, mmoja na koti la ngozi na nywele za msituni, mwingine Waziri Mkuu. Vijana huisambaza kwenye simu wakiandika kwamba huyo ni Kimathi. Kimathi alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka sita, kaburi ambalo familia yake haikuonyeshwa. Aliye kwenye picha ni Musa Mwariama wa Meru. Inaniuma kwamba mtu anaweza kupigana miaka yote ile asikamatwe, akatoka mzima, akapigwa picha na kiongozi wa nchi, kisha jina lake likaondolewa kwenye uso wake mwenyewe.

Mjomba alifika kwetu jioni moja kabla ya Krismasi. Mama hakumtambua mpaka alipomwita kwa jina la utotoni. Alikataa kulala ndani, akajilaza kando ya ghala usiku wote, na chakula cha mama alikirudisha kwa sababu ya chumvi. Alikuwa ameikosa muda mrefu hata ulimi wake haukuihimili. Alipopata nguvu alishuka Embu kutazama shamba la baba yao.

Hapo ndipo habari ya Januari inapoanzia. Tangu 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango uliopewa jina la Swynnerton, ofisa wa kilimo: vishamba vya familia vilivyotawanyika viunganishwe, vipimwe, viandikishwe kwa jina la mtu mmoja, apewe hati. Kwa kilimo cha kahawa na chai mpango ulikuwa na faida, sikatai. Ila ulifanywa wakati maelfu wako kwenye kambi za kizuizini au msituni. Kamati za kugawa zilijaa waliobaki, na waliobaki na sauti walikuwa upande wa serikali. Mjomba alikuta mipaka mipya, miti ya kahawa ya mtu mwingine, na kitabu cha ardhi kisicho na jina la baba yake. Aliambiwa muda wa kulalamika ulikuwa umepita. Alipouliza ulipita lini, akatajiwa mwaka ambao alikuwa msituni.

Kulikuwa na njia nyingine, mashamba ya walowezi. Serikali ilikuwa ikiyanunua kwa mikopo ya Uingereza katika mpango wa ekari milioni moja na kuyagawa kwa Waafrika, lakini aliyegawiwa alipaswa kulipa. Waziri wa Ardhi na Makazi alikuwa mwana wa Meru, Jackson Angaine, na msimamo wa serikali aliyoitumikia ulikuwa wazi: hakuna cha bure. Watu wa msituni nao walikuwa na swali moja, nililisikia kwa masikio yangu likirudiwa karibu na moto wetu: ninunueje nilichopigania?

Baimungi hakupata jibu lililomridhisha. Mwaka 1964 yeye na baadhi ya wenzake walirudi msituni. Safari hii hakukuwa na handaki wala Majohnie, wale askari wa Kiingereza, ila askari waliokuwa wakimtafuta walikuwa wa bendera ile tuliyoiimbia. Mjomba naye alipotea kwa miezi kadhaa. Mama alijua alikokuwa, na akawa anaacha viazi mahali fulani jioni kama alivyofanya zamani. Alirudi kabla mwaka haujaisha, amekonda, akasema tu kwamba miguu imezeeka.

Mwishoni mwa Januari 1965 Baimungi aliuawa na vikosi vya serikali. Mwili wake ulianikwa hadharani mjini Meru watu waje kuutazama. Mama alitufungia ndani. Watu wazima wa kijiji walikwenda, na tuliona jinsi walivyorudi: hawakusalimiana njiani. Yule mzee wa kibuyu alipita mbele ya nyumba yetu akiwa amevua kofia. Mjomba aliketi mlangoni, na baba, ambaye mwenyewe alikuwa amekaa kambini miaka mingi na ambaye kwa kawaida hakuzungumza siasa, alimwambia maneno ambayo niliyashika: «Waliomwanika wamejifunza kwa mkoloni.» Mkoloni alikuwa na desturi hiyo ya kulaza miili ya watu wa msituni kwenye vituo na masokoni ili wengine waogope. Tulidhani imeondoka na bendera yake.

Baada ya hapo jina la Baimungi halikutajwa kanisani wala shuleni. Nilisoma historia hadi kidato cha nne bila kuliona. Maumau yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo ilibaki kwenye vitabu vya sheria chini ya Kenyatta na chini ya Moi, ikaondolewa 2003, baada ya Mwai Kibaki kuingia madarakani. Mwariama alifariki 1989. Mjomba naye hakuufikia mwaka 2003. Kwa hiyo mbele ya sheria ya nchi waliyoipigania, wote wawili walikufa wakiwa watu wa chama haramu.

Yapo yaliyorekebishwa, na nashukuru. Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Juni 1, 2018 Madaraka ilisherehekewa kitaifa hapa Meru, uwanja wa Kinoru, na 2023 ikafanyika Embu. Nilikuwa Kinoru, nikaona wazee wa msituni wameketi kwenye viti vya mbele, mablanketi magotini, na nikafurahi kwa ajili yao. Uingereza imejibu kwa sehemu. Kenya haijajibu juu ya Januari 1965.

Kaunti haihitaji ruhusa ya Katiba kuweka siku ya kumkumbuka mtu wake. Meru inaweza kuchagua siku moja mwishoni mwa Januari, ikasoma majina ya waliotoka Desemba 1963, wa Meru na wa Embu, waliopata shamba na waliokosa, na la Baimungi likiwemo. Majina yenyewe bado yanapatikana. Tuliokuwa watoto wakati ule sasa tumepita miaka sabini, na wapo waliotuzidi umri, Tigania, Imenti, Chuka, Runyenjes, wanaokumbuka nani alishuka njia ipi na alikuwa mwana wa nani. Mwenye daftari na kalamu aanze nao mwezi huu, akianzia kwa walio wagonjwa.