Wanawake wa Jumamosi ya Pili

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, nyumba ninayopanga hujaa wanawake wa miaka sitini na kuendelea. Wanaanza kufika saa saba mchana, kila mmoja na bakuli lake lililofunikwa: makaroni ya jibini, majani yanayofanana na sukuma wiki yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa, pai ya viazi vitamu. Nyumba iko Prince George's County, Maryland, mwendo wa treni kutoka chuo ninakosomea shahada ya uzamili jijini Washington. Mwenye nyumba namwita Mama, maana ulimi wangu umegoma kabisa kumwita mtu wa miaka 72 kwa jina lake. Yeye na wageni wake ni Delta.

Delta Sigma Theta ni sororiti, yaani chama cha udugu cha wanawake waliosoma vyuo vikuu. Wengi huingia wakiwa wanafunzi na hubaki humo mpaka kufa. Kilianzishwa na wanafunzi 22 weusi wa Chuo Kikuu cha Howard tarehe 13 Januari 1913. Wiki saba baadaye, Machi 3, waliingia barabarani Washington katika maandamano ya kudai kura ya wanawake, ambamo baadhi ya wazungu hawakutaka hata kutembea nao. Wageni wa Mama husimulia siku hiyo kana kwamba walikuwepo na viatu viliwabana.

Mimi ni mtu wa Lindi, kwa hiyo sikuchelewa kuelewa. Walioingia pamoja wanahesabiana kama rika moja. Wana nyimbo, wana mlio wa kuitana, wana ishara ya mikono, na wana siri ambazo huambiwi hata ukiwaoshea vyombo mwaka mzima. Nikajisemea, hawa wamechezwa unyago, ila unyago wao una ada na risiti.

Sitaki kuwapamba. Mlango wa kuingilia ni elimu ya chuo, kwa hiyo dada aliyekuwa akifagia mabweni yao hakuwahi kualikwa. Na vyama vya aina hii, vya wanawake na vya wanaume, vina historia ya kuwatesa wageni wanaotaka kuingia. Nilimuuliza Mama kuhusu hilo. Alisema ni kweli na ni aibu, kisha akaendelea kumenya viazi.

Kilichonishika ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Mmoja wao figo zimefeli, na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Karatasi ina siku, na mbele ya kila siku jina la dereva. Zamu ya Mama ikifika, namsikia saa kumi na moja alfajiri akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Jumamosi karatasi hiyo hujadiliwa kati ya karata na pai, bila machozi na bila kuoneana haya. Nani anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, asishike usukani? Nani ana mjukuu anayehitimu Ijumaa? Mgonjwa mwenyewe yupo mezani, na mchango wake ni kulalamika kwamba fulani anaendesha polepole kama jeneza. Wanacheka, fulani akiwa wa kwanza. Jina lake linabaki pale pale.

Mama yangu mzazi alisoma Weruweru, Moshi, mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi za Mama Maria Kamm. Wakati ule mtoto wa Lindi alipangiwa shule Kilimanjaro, akapewa waranti ya kusafiria, akaenda kujifunza baridi. Alipofariki mwaka 2019 nilikaa kwenye mkeka na simu yake nikitafuta wa kuwapigia. Nilikuta Fundi Bomba, Mama Neema Saluni, Mwenyekiti Kikoba. Sikukuta mtu wa shule hata mmoja. Msiba ulijaa, majirani walipika, wanakikoba walichanga, ndugu walilala siku saba. Siwezi kusema tulikosa watu. Hakuwepo tu mtu wa kuniambia mama alikuwaje akiwa na miaka 16, na tangu hapo sehemu hiyo ya maisha yake niliihesabu kuwa imezikwa naye.

Ua rasmi la Delta ni lile ambalo kwa Kiingereza huitwa African violet. Mama ana vyungu vinne dirishani. Jumamosi moja ya Februari niliwaambia wageni wake kwamba ua hilo asili yake ni kwetu, milima ya Usambara, Tanga. Ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892, likapewa jina lake: Saintpaulia. Karata zikawekwa chini. Wakataka kujua kama nimewahi kuliona porini. Nikasema hapana, mara ya kwanza kuliona ni hapo hapo Maryland. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani.

Mgonjwa wa figo akauliza kama mama yangu naye anapenda maua. Nikamweleza. Akauliza swali ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na wenzake wa shule?"

Nikasema sina njia ya kuwapata. Hapo kikao kikageuka kamati. Mmoja, mkutubi mstaafu, akachukua penseli: aliingia mwaka gani, alimaliza mwaka gani, bweni gani, jina gani la ujana, unakumbuka jina lolote la utani? Nilikumbuka mawili. Akayaandika, akanikabidhi karatasi kama daktari anayekupa dawa.

Binamu yangu wa Dar alipata kundi la WhatsApp la waliosoma pale miaka hiyo. Nikatuma picha ya mama ya kitambulisho, ile ya zamani. Siku tisa kimya. Siku ya kumi ukaja ujumbe wa sauti wa dakika nne, mama mmoja wa Mwanza, akilia na kucheka kwa zamu. "Mwanangu, huyu si Waranti?" Ndivyo walivyomwita, kwa sababu kidato cha kwanza alipoteza waranti yake Dar es Salaam, akalala stesheni siku mbili, akafika shule akiwa amefundishwa na wapagazi matusi ya Kizaramo, na kwa muhula mzima akawauzia wenzake tusi moja kwa kipande cha sabuni.

Mama yangu, aliyenichapa kwa kusema "mjinga".

Nilimsikilizisha mwenye nyumba ujumbe wote, ingawa hajui Kiswahili. Alisikiliza dakika zote nne, mikono ina unga. Kisha akauliza wanakutana lini.

Nikamwambia Agosti, Sinza, na kwamba nimeambiwa nije na sabuni.