Mto Uliofichwa Mchangani

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Garbatulla kwa njia ya Kulamawe huvuka makorongo mengi ya mchanga mkavu, na mara nyingi huuliza, "Mito yenu iko wapi?" Sisi humjibu kwamba ameikanyaga. Makorongo hayo twayaita laga, na katika nchi yetu, ipatayo mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka, laga ndilo mto wetu.

Mto huu una desturi yake. Mvua ikinyesha kwa nguvu sehemu za juu, maji huteremka kwa kishindo, pengine hali mbingu zetu ni nyeupe hazina hata wingu. Na mtu aliyelala mchangani huweza kuchukuliwa asijue kilichomchukua. Haupiti muda mrefu, maji yamekwisha kwenda zake. Lakini si yote. Mengine huzama mchangani, yakatulia juu ya mwamba na udongo mgumu, mahali ambapo jua haliwezi kuyafyonza. Migunga ya ukingoni yaijua siri hiyo. Ndiyo maana mizizi yake huenda chini sana.

Mimi naliijua kwa aibu. Nilipokuwa kijana mdogo, kazi yangu ilikuwa kupeleka mbuzi kunywa katika visima vya laga. Kwetu Waborana, kisima huwa na msimamizi wa zamu, aitwaye aba herega, naye hupanga mifugo ya nani itangulie. Siku moja nilifika nimechoka, nikawaachia mbuzi wangu kabla ya zamu yao. Wakaingia kwa fujo, kingo za mchanga zikaporomoka, kisima kikafukika. Akina mama waliokuwa wakingoja tangu alfajiri walinitazama bila kusema neno.

Mzee hakunipiga. Alinipa karai, akasema, "Chimba." Nikachimba hata jua likapunguka. Mchanga ulianza kuwa baridi, kisha ukalowa, na kilipofika kina cha kifua changu maji yakaanza kuchuruzika. Mzee akasema, "Maji haya si yako wala si yangu. Ni mvua iliyopita, imewekwa amana. Usiivunje."

Maneno hayo naliyakumbuka katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipopita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Hata Ewaso Ng'iro, mto mkubwa utokao Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, wakati wa kiangazi kikali hukatika kabla ya kufika kinamasi cha Lorian, kwa kuwa jua huupunguza, na mashamba ya juu nayo hunywa. Basi mwenye kudharau mto mdogo atakimbilia wapi?

Wako watu waonao mchanga wa laga kuwa ni bidhaa ya kujengea tu. Ndugu zangu, nyumba twazihitaji. Lakini mchanga ule ndio mtungi wetu; auzaye mchanga wote ameuza na maji ya watoto wake. Yafaa tuuchukue kwa kiasi na kwa mashauri ya wazee, kama tuchotavyo maji kwa zamu. Amana huliwa na wengi, bali huvunjwa na mmoja.